Friji Iliyozeeka Alasiri Moja

Jumatatu, 3 Machi

Tunahama nchi. Imeamuliwa. Ameamua mke wangu, mimi nimearifiwa tu.

Kwao kuna shule inataka fundi wa kushona sare za wanafunzi. Mwalimu mkuu amemwahidi kazi ya kudumu, ila sare za kwanza ziwe tayari muhula ukifunguliwa. Kwa hiyo Ijumaa tunapakia. Inaenda cherehani yake, kisha vyombo, kisha mimi. Kwa mpangilio huo.

Anasema hapa sina kinachonizuia. Amesema kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi. Ni kweli studio yangu ya picha za pasipoti imefungwa. Lakini kosa ni la nani? Ni la simu! Siku hizi kila mwenye kidole anajiita mpiga picha.

Jioni ameleta fomu ya forodha. Kila kitu cha nyumbani tutakachovuka nacho mpaka kinaandikwa, hata upawa. Tusi la kwanza hili hapa: juu kuna nafasi ya "Mhamaji", chini kuna nafasi ya "Mwenza". Kwa kuwa tunarudi kwao, mhamaji ni yeye. Mwenza ni mimi! Mtu mzima mwenye kipara chake! Nimelikata jina lake. Nimeandika jina langu juu na kuongeza kwa mkono wangu: Mkuu wa Kaya. Mke wangu ametazama, akasaini chini, akarudi kuipaka mafuta cherehani yake. Nimeshinda.

Tusi la pili ni kubwa zaidi. Vitu vilivyotumika nyumbani mwaka mmoja na zaidi vinaingia bure. Vitu vipya vinalipiwa ushuru. Na mimi wiki iliyopita tu nimenunua friji! Milango miwili, nyeupe pe, ipo sebuleni ndani ya boksi lake. Imemeza pesa zangu za mwisho za studio. Niliinunua ili nisiingie kwa wakwe mikono mitupu, maana tutafikia kwa shemeji, kaka wa mke wangu, na yule bwana anajua kuitazama mikono ya mtu.

Kwa hiyo serikali inamtoza mtu kwa sababu friji yake ni safi. Mwenye friji chafu anapita akipunga mkono. Haki iko wapi?

Fomu ina kurasa mbili za masharti. Nimesoma wa kwanza. Umenitosha. Nimepata wazo.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu ametoka kuwaaga wateja wake. Nikaitoa friji kwenye boksi, nikakunja mikono ya shati.

Nimeanza na msasa kwenye pembe. Kisha nikauchapa mlango kwa shada la funguo, palepale ambapo mtu mwenye haraka angeugonga. Nikamwaga chai juu, nikaiacha iteremke yenyewe. Ndani nimesugua kitunguu kila rafu, hadi machozi yakanitoka. Mpini nimeulegeza kwa bisibisi ucheze kidogo. Kisha nikasogea nyuma na kufumba jicho moja, kama nilivyozoea kazini. Bado ilikuwa na kiburi cha dukani.

Hapo ndipo nilipoikumbuka risiti. Risiti ni hatari, ina tarehe. Nimeichoma kwenye kisahani, na majivu yake nimeyapaka mlangoni upande wa kulia, kwenye alama za vidole. Kwangu hakipotei kitu.

Mke wangu amerudi na kusimama mlangoni na mkoba wake mkononi. Akauliza friji imepatwa na nini. Nikamwambia imepatwa na miaka minne. Amekaa chini, akavua viatu polepole, akasema mambo mawili. Kwanza, yeye hatasema uongo, akiulizwa atanyamaza. Pili, ile ilikuwa friji nzuri. Nimemwambia uzuri uko ndani. Akasema ndani kunanuka kitunguu.

Kisha shemeji akapiga simu. Huyu ni mwalimu wa udereva, mtu wa sheria hadi kwenye unyayo. Hata akitembea kwa miguu hutazama nyuma kabla ya kupinda kona. Akataka kunieleza jambo kuhusu friji na forodha. Kunieleza! Mimi! Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Friji kuukuu bila ushahidi ni chuma tu. Inahitaji historia. Na historia ni kazi yangu.

Nimefungua sanduku la studio, nikatoa kamera, taa na mapazia yangu yote ya nyuma. Nimepiga picha nikiwa na friji hiyo kwa miaka minne mfululizo. Mwaka wa kwanza: mimi na shati jipya, nimeshika mpini kama bwana harusi. Mwaka wa pili: nimefuga masharubu, kwa hisani ya mkaa. Mwaka wa tatu: mkono una bandeji, mlango uko wazi, ndani kuna matufaha mawili. Mwaka wa nne: nimechoka na maisha, friji vilevile. Nilizichapisha, nikazilowesha kwenye chai ya rangi na kuzianika juu ya kiti changu cha studio, kile cha kuzunguka chenye ngozi nyekundu.

Nilimwomba mke wangu aingie kwenye mwaka wa tatu. Alikataa. Alikuwa anakata kola za mfano za sare, mdomo umejaa pini. Kiwiko chake kimeonekana pembeni, kwa bahati. Kinaleta ukweli.

Naandika bila kujisifu: tangu studio ifungwe sijafanya kazi nzuri hivi. Nilifurahi. Hata nilipiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi

Tumepakia. Mke wangu ameivisha cherehani blanketi letu la kulalia, akaifunga kwa kamba na kuwaambia wapakiaji waishike kama mtoto. Friji ilishikwa kama gunia. Mke wangu ndiye aliyeukunja waya wake na kuubandika nyuma kwa gundi ya karatasi. Alipomaliza alinitazama, kama mtu anayetaka kusema neno. Sikumwuliza, nilikuwa na haraka.

Dereva wa lori ameitazama friji, akauliza kama tunaipeleka kwa wauza vyuma chakavu. Nikamshukuru kwa moyo wote. Mke wangu akageuka kutazama ukuta.

Jumatatu, 10 Machi

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Asubuhi, ghala la forodha. Ukumbi mrefu wenye paa la bati, mizigo ya watu imepangwa chini kwa mistari ya chaki. Ukiona magodoro yako hadharani hivyo, unajisikia kama umevuliwa nguo. Shemeji alitusindikiza na kusimama nyuma ya mstari wa manjano, kwa sababu kuna mstari wa manjano.

Ofisa aliyetupokea ni mwanamama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Nitamwita Bi Mnyororo. Alipita na kipande chake cha mbao chenye fomu yetu, akiweka tiki. Masufuria, tiki. Kitanda, tiki. Aliifunua cherehani, akaisifu ilivyotunzwa, akauliza ina umri gani. Mke wangu akamwambia ni ya marehemu mama yake. Tiki. Mimi niliposikia hayo nikaguna: mali ya kurithi inang'aa, na friji ya wiki mbili imechakaa. Lakini niligunia tumboni.

Kisha friji. Akavaa miwani. Akapitisha kidole mlangoni, akanusa ndani, akarudi nyuma hatua moja. Aliuliza kama ni kweli imetumika. Nikamwaga historia yote! Nikampa na picha. Amezitazama moja moja, kwa heshima. Alisimama kwenye masharubu. Akasema ni picha nzuri sana na kwamba hana shaka hata kidogo.

Nilimtazama shemeji. Shemeji alikuwa ameshika kichwa.

Bi Mnyororo akageuza fomu, ukurasa wa pili. Friji zilizotumika haziingii nchini. Kabisa! Gesi zake za kizamani eti zinaharibu hewa. Mpya inaingia, kwa ushuru. Kuukuu inavunjwavunjwa kwenye mashine yao, kwa gharama ya mkuu wa kaya. Ameyasoma maneno hayo mawili kwa sauti, kama yalivyo kwenye fomu, kwa mwandiko wangu.

Na foleni ya mashine ni hadi mwezi ujao. Na mzigo wa kaya moja hautoki nusu nusu. Hadi friji ivunjwe, hakitoki kitu. Wala kijiko. Wala cherehani.

Mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliirudishia cherehani blanketi, akaingiza pembe zake vizuri, tukaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Tunalala chumba cha nyuma kwa shemeji, kitanda cha wageni chenye bonde katikati. Ukutani kuna bango la alama za barabarani. Nikifumbua macho, kitu cha kwanza kuona ni "Simama".

Mwalimu mkuu amepiga simu. Anasikitika. Kama hadi Jumatatu hajaona sare hata chache, kazi atampa fundi mwingine, ambaye tayari anapita pita ofisini kwake. Mke wangu amesema ndiyo mwalimu, nimekuelewa mwalimu. Kisha amekaa kitandani akaanza kushona kwa mkono kola alizobeba mkobani. Sindano, uzi, na mwanga wa dirishani. Alasiri nimeona kidole chake kimevimba. Iliniuma. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: iliniuma sana, na niliogopa.

Kwa hiyo nimerudi forodha kupigania haki yetu. Nimemwambia Bi Mnyororo friji ni mpya. Mpya kabisa! Akauliza na zile picha? Nikasema za studio. Akasema haiwezekani, masharubu yale yalikuwa ya mtu aliyeteseka. Nimemwambia ni mkaa. Alinitazama kwa huruma, akasema wengi wakiambiwa kitu chao kinavunjwa hukumbuka ghafla kwamba ni kipya, na jana tu mzee mmoja aliapa hivyo kuhusu friji yenye kutu.

Akataka risiti.

Nikamwonyesha. Ipo mlangoni, upande wa kulia.

Amenitoa nje. Si kwa ukali, kwa mkono mmoja tu. Nikaingia kwa mlango wa wapagazi na dawa ya meno, maana dawa ya meno huondoa mikwaruzo. Nilikuwa nimeshasafisha pembe moja vizuri mlinzi aliponikuta nimepiga magoti mbele ya friji na mswaki. Aliuliza ninafanya nini. Swali hilo halina jibu zuri. Sasa nimekatazwa kuvuka mstari wa manjano.

Shemeji ametoka kazini na kuniambia Jumanne ya wiki iliyopita alipiga simu kunieleza hayo hayo. Nimemjibu kwamba angekuwa mtu mwenye nia njema angepiga mara ya pili. Akasema alipiga. Watu wa namna hii wana jibu kwa kila kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Wazo jipya. Barua! Nimeiandika kwa Bi Mnyororo kwa jina la fundi wa mafriji asiyekuwapo, anayethibitisha kwamba friji ni mpya ila ilipatwa na ugonjwa wa ngozi wakati wa safari. Nimemsomea mke wangu.

Ameweka sindano chini. Akasema: "Mume wangu, chini ya jina lako kuna langu. Nililiweka kwa sababu nilikuamini, au kwa sababu nilichoka, sijui tena. Mama aliwashonea watu wazima na watoto kwa cherehani ile hadi macho yakamwishia. Nikiikosa kazi hii kwa ajili ya friji, sitagombana na wewe. Nitakusikia tu ukiongea, sitakusikiliza tena, basi."

Sikulala vizuri. Bonde la kitanda. Barua nimeichana, vipande vidogo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimedhalilishwa, na nimefanyiwa hivyo kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai.

Mke wangu ameamka, akavaa gauni lake la heshima, akaniambia tunakwenda. Njiani hakusema mpango wake. Shemeji aliendesha gari taratibu, akasimama hata kwenye kivuko kisicho na mtu.

Kwenye ghala nimebaki nyuma ya mstari wa manjano, mimi na shemeji, bega kwa bega. Mke wangu akaenda moja kwa moja kwa Bi Mnyororo. Hakulia, hakuomba. Amemwambia kwamba mume wake ameichakaza friji mpya kwa mikono yake ili asilipe ushuru, na kwamba yeye mwenyewe, aliyesaini fomu hiyo, alijua na akanyamaza. Akasema yuko tayari kwa faini. Ameomba tu cherehani ya mama yake itoke.

Bi Mnyororo akasema anasikitika, maneno hayatoshi, anahitaji kuona kwa macho.

Mke wangu akaizunguka friji, akabandua gundi ya karatasi nyuma na kuuvuta waya. Plagi ilikuwa bado imevaa kile kimfuko chake cha plastiki cha kiwandani, kimebana meno yote matatu, hakijaguswa. Friji haijawahi kuiona soketi!

Nimezeesha milango, pembe, rafu, mpini. Nimezeesha hadi mimi mwenyewe. Plagi sikuikumbuka. Na yeye aliliona hilo tangu Ijumaa ya kupakia!

Nilimwita kutoka kwenye mstari na kumwuliza kwa nini hakusema siku ile ya Jumatatu. Alijibu bila kugeuka. "Ulisema nikiulizwa ninyamaze. Nikanyamaza. Leo sikusubiri kuulizwa."

Kwanza, sikusema mimi, alisema yeye. Pili, nimekosa cha pili.

Bi Mnyororo amevua miwani. Nilidhani amekasirika, kumbe mabega yalikuwa yanacheza. Akawaita wenzake wawili waje waione plagi. Kisha wakaletewa na picha. Mwaka wa pili ulizunguka ghala zima.

Hukumu: ushuru kamili wa friji mpya, na faini ya kusema uongo kwenye fomu. Faini ni ya aliyeandikwa juu. Mwenza hatozwi chochote. Nimeuliza kama naweza kubadilisha jina. Nimeambiwa fomu ikishakatwa mara moja haikatwi tena.

Hatukuwa na pesa hizo. Shemeji amezitoa, na badala yake amechukua kiti changu. Kiti cha studio! Ngozi nyekundu, mzunguko kamili! Wametazama kamera yangu wanaume na wake zao, mabosi na wazee, wote wamekalia kile. Sasa kiko kwenye shule ya udereva. Kabla hatujatoka amekikalia kukijaribu, na kabla ya kuzunguka, wallahi, alitazama nyuma.

Jumapili, 16 Machi

Cherehani inalia tangu jana asubuhi. Imekaa chini ya bango la "Simama" na haisimami. Mwalimu mkuu amepita mwenyewe baada ya chakula, akageuza kola, akavuta mshono kwa nguvu, akauachia. Akasema yule fundi mwingine ataambiwa asihangaike. Mke wangu alipomsindikiza hadi getini alirudi anatembea kama msichana. Aliponipita alinigusa bega. Nimelifurahia bega hilo mchana kutwa, na si aibu kusema hivyo.

Friji iko jikoni kwa shemeji. Inafanya kazi vizuri sana, ila maziwa yana harufu ya kitunguu. Mama mkwe mdogo, mdogo wake marehemu mama mkwe, alikuja kutusalimu, akaitazama, akatuambia kwa huruma kwamba kila mtu huanza na alichonacho.

Hilo limeniuma. Nimelipa bei ya friji mpya, nimelipa ushuru wa friji mpya, nimelipa faini kwa sababu ni mpya, na nina friji kuukuu! Hesabu hiyo mtu mwenye akili hawezi kuimeza. Kuna mtu amenidhulumu. Nimelifikiria jambo hili tangu adhuhuri, na nimempata: ni duka.

Ndani ya droo ya mboga nimekuta kadi ya waranti. Mwaka mzima! Bidhaa ikiwa na kasoro wanaleta nyingine, mpya, mlangoni kwako. Kasoro ninazo. Mikwaruzo, madoa, mpini unacheza, harufu. Nimewaandikia kwamba friji hiyo waliniuzia ikiwa tayari imechakaa. Risiti sina, imepata ajali, lakini ushahidi ninao mzuri kuliko risiti: picha za miaka minne zinazoonyesha jinsi ilivyochakaa. Bi Mnyororo amenirudishia zote, isipokuwa mwaka wa pili. Amesema wameitundika ofisini.

Jina langu liko juu, Mkuu wa Kaya. Mke wangu atasaini chini akimaliza kola hiyo. Masharti ya waranti yana kurasa mbili, na ukurasa wa kwanza wote uko upande wangu.